Mtambo wa Keely na Waya Usiokatwa

 

Siku hizi ukikaa barazani baada ya tarawehe hutakosa kusikia vijana wakibishana juu ya hisa za kampuni fulani ya teknolojia, au sarafu fulani ya mtandaoni. Mmoja asema huu ndio utajiri wa kesho na atakayechelewa atajuta. Mwingine asema huo ni utapeli mtupu. Wanatupiana maneno mpaka daku, na kila mmoja ana namba zake kwenye simu. Hebu leo nikupeleke mbali kidogo, mpaka mji wa Philadelphia kule Marekani, zaidi ya miaka 120 iliyopita, ukaone watu wenye pesa na elimu zao wakibishana ubishi huu huu kwa muda wa robo karne. Jina la mtu waliyembishania ni John Worrell Keely.

Keely hakuwa msomi. Alikuwa seremala na fundi wa mikono, na yasemekana aliwahi pia kupiga muziki kwenye kumbi za tamthilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 akaanza kuwaambia watu kwamba amegundua nguvu mpya iliyojificha ndani ya maji na hewa, nguvu ambayo mtu akijua kuiamsha basi makaa ya mawe na mvuke vitakuwa mambo ya kale. Matajiri wa Philadelphia na New York wakamsikiliza, na ikaundwa kampuni kwa jina lake, Keely Motor Company, ikauza hisa.

Tarehe 10 Novemba 1874 aliwaita watu wachache waje waone. Alikuwa na mtambo wa chuma wenye mabomba na vali. Akapuliza kwa mdomo wake kwenye tundu moja kwa kiasi cha nusu dakika, kisha akamimina humo galoni 5 za maji ya bomba, maji haya haya ya kunywa. Akageuza vali hii na ile, na mshale wa kipimo ukapanda mpaka ratili 10,000 kwa kila inchi mraba. Ili upate picha, matreni ya mvuke ya wakati ule yalikuwa yakienda kwa ratili mia moja na kitu tu. Moto hamna, makaa hamna, moshi hamna. Ni pumzi na maji! Na ahadi zikaja za kiasi hicho hicho: ati kwa kibaba cha maji tu treni nzima ingevuka Marekani kutoka Philadelphia mpaka San Francisco.

Najua unacheka, na mimi nilicheka nilipoisoma habari hii mara ya kwanza. Lakini usiharakishe kuwaita watu wale wajinga, kwa sababu ukifanya hivyo hutaelewa lolote katika kisa hiki.

Zingatia walikuwa wakiishi zama gani. Mwaka 1866 waya wa simu za maandishi ulilazwa chini ya bahari ya Atlantiki na ukafanya kazi, habari iliyokuwa ikichukua zaidi ya wiki kwa meli ikafika kwa dakika. Mwaka 1876 Alexander Graham Bell akapata hataza ya simu ya kuongea. Mambo ambayo baba zao wangeyaita sihiri yalikuwa yakitokea mbele ya macho yao. Tena wanasayansi wakubwa wa wakati ule wenyewe waliamini kwamba ulimwengu mzima umejaa kitu kisichoonekana kiitwacho etha, ndicho kinachobeba mwanga. Jaribio mashuhuri la Michelson na Morley lililoanza kuitikisa fikra hiyo lilifanywa mwaka 1887. Kwa hivyo Keely aliposema kwamba ameipata nguvu ya etha, hakusema jambo la kuchekwa mbele ya watu wa zama zake. Alisimama karibu na ukweli ili watu wasione pale anapouacha.

Hata hivyo walikuwako waliopinga tangu mwanzo, na hoja yao haikuwa ya chuki. Kufikia miaka ya 1870 wataalamu walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba nguvu haiumbwi na fundi wala haipotei, hubadilika sura tu. Mkaa ukiungua hutoa joto, lakini jivu lake huwezi kuliunguza tena. Sasa maji ni nini? Ni hidrojeni iliyokwisha kuungua. Kwa maneno mengine, maji ni jivu. Anayekwambia atatoa moto kwenye maji bila kutia nguvu nyingine kutoka nje ni sawa na anayekwambia atapika biriani kwa jivu la jana. Hoja hii ilitosha wakati ule na yatosha leo, na hata mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifuata.

Basi mbona ubishi haukwisha? Kwa sababu waliokwisha kununua hisa hawakuwa wakiuliza tena kama jambo lawezekana. Walikuwa wakiuliza ni lini. Ukishatoa pesa yako swali hubadilika, nawe huna habari.

Miaka ikapita. Keely alikuwa akionyesha, akiahidi, akiahirisha. Kila mtambo ukikaribia kukamilika alikuwa akiuvunja kwa sababu ameona njia bora zaidi. Majina nayo yalikuwa yakibadilika: mara ni mvuke wa maji, mara ni nguvu ya etha, mara ni mitetemo ya sauti za muziki, ati apiga chombo cha muziki kwa sauti maalumu na mtambo unaitika. Maneno aliyoyatumia yalikuwa marefu na ya kutisha, na nionavyo mimi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwenye hisa asiyeelewa aliona haya kusema haelewi. Kuna jambo la kutazamwa hapa na nyinyi mnaosoma vyuo vikuu: mtu anayejua kitu kweli kweli mara nyingi aweza kukueleza kwa maneno ya nyumbani. Si lazima uelewe hesabu zake zote, lakini akikataa hata kujaribu kukueleza, tia alama.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1880 wenye hisa walikuwa wamechoka. Kampuni ilikuwa haijauza hata mashine moja, na gawio halikuwa limelipwa hata senti. Wakampeleka Keely mahakamani, na mwaka 1882 mahakama ya Philadelphia ikamuamuru aifichue siri yake. Yeye hakutaka. Mwisho wakakubaliana kwamba siri aambiwe mtu mmoja tu aliyechaguliwa na kampuni. Mtu huyo akaambiwa, akatoka akasema kuna jambo kweli, na wengi wakatulia.

Simama hapo. Mamia ya watu wametoa mali zao, na kinga yao yote ni kauli ya mtu mmoja aliyechungulia kwa niaba yao. Sisemi mtu yule alikuwa muongo. Yawezekana aliridhika kwa dhati. Lakini siri inayojulikana na watu wawili haiwezi kupimwa na wa tatu, na jambo lisiloweza kupimwa halina tofauti na porojo, hata likisemwa na mtu muaminifu kiasi gani.

Ulinganishe mwenendo huo na wa Thomas Edison, ambaye alikuwa akichukua pesa za watu miaka ile ile. Mwaka 1878 Edison alitangaza kwamba atatengeneza taa ya umeme ya majumbani, na hisa za makampuni ya gesi kule London zikaporomoka kwa hofu hata kabla hajatengeneza chochote. Matajiri wakaunda kampuni wakampa mtaji. Naye pia alijigamba kupita kiasi, naye pia alichelewa, na wako wataalamu waliosema haiwezekani. Ukitazama mwaka wa kwanza tu huwezi kuwatofautisha watu hawa wawili. Tofauti ilikuja baadaye. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1879 Edison alifungua milango ya Menlo Park, umma ukaingia ukaona taa zikiwaka. Januari 1880 akapewa hataza, ambayo maana yake ni kwamba siri imeandikwa na yeyote aweza kuisoma. Septemba 1882 mtambo wake wa Pearl Street, New York, ukaanza kupeleka umeme kwa wateja. Mwaka huo huo Keely alikuwa mahakamani akikataa kusema.

Wanaodhani kwamba kila anayeshuku ni adui wa maendeleo waitazame vizuri habari hii. Walioshuku taa ya Edison walijibiwa kwa taa.

Mwaka 1884 Keely alileta kitu kipya, bunduki. Aliwaonyesha maafisa wa jeshi la Marekani huko Sandy Hook, pwani ya New Jersey, na risasi zikaruka bila baruti. Watu wakashangilia. Jarida la Scientific American likaandika kwamba yote yaliyoonekana pale yaweza kufanywa kwa hewa iliyoshindiliwa tu, ndani ya chupa ya chuma. Yaani hawakumwita muongo, walisema tu kwamba kuna njia ya kawaida ya kupata matokeo yale yale, basi na aonyeshe kwamba si hiyo. Hakuonyesha. Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa, tena kwa wino mweusi, miaka 14 kabla ya Keely kufa, na watu wakaendelea kushikilia hisa zao.

Hapa ndipo anapoingia mwanamke ambaye mimi namuonea huruma kuliko wote, Bibi Clara Jessup Bloomfield-Moore. Alikuwa mjane wa tajiri wa viwanda vya karatasi, msomi na mwandishi, mwenye moyo wa kutoa. Wenye hisa walipokaza mikono yeye ndiye aliyemkimu Keely kwa pesa zake, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1893 alichapisha kitabu kizima cha kumtetea. Hakutafuta faida huyu. Aliamini kwamba Keely amepewa kitu ambacho kitawapumzisha binadamu wote na taabu, na kwamba anaonewa kama walivyoonewa wagunduzi waliomtangulia. Akawaleta wanasayansi wamtazame. Mwaka 1890 Joseph Leidy, profesa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, bingwa mwenye jina kubwa, alitoka akiwa amevutiwa. Lakini Leidy alikuwa bingwa wa elimu ya wanyama na mifupa ya kale! Elimu ya mtu kwenye fani moja haimfanyi shahidi kwenye fani nyingine, jambo ambalo hata sisi twalisahau tukimuona daktari au msanii mashuhuri akitangaza biashara ya pesa.

Kabla ya hapo, Novemba 1888, Keely alilala jela ya Moyamensing siku chache kwa kudharau amri ya mahakama, kwenye kesi ya mtu aliyedai kumsaidia zamani na kwamba ana haki katika uvumbuzi ule. Wataalamu waliteuliwa waikague mitambo, Keely akakataa. Kufungwa kwenyewe kukampa daraja. Waliomuamini wakamuona kama mtu aliyedhulumiwa.

Sasa nikufikishe kwenye ule waya. Mitambo ya Keely mara nyingi ilikuwa imeunganishwa kwa waya mnene, naye alisema waya ule ndio unaopitisha mitetemo. Kati ya mwaka 1895 na 1896 Bibi Moore aliwaleta watu wawili: Lascelles-Scott, mwanasayansi kutoka Uingereza, na Edward Alexander Scott, mhandisi wa umeme wa Philadelphia. Yule Muingereza akaridhika, akatangaza kwamba nguvu isiyojulikana ipo. Yule mhandisi hakuridhika. Likaja pendekezo jepesi sana: ukatwe waya ule tuone kama ni mgumu ndani au ni mrija wa kupitisha hewa. Keely akakataa. Hapo hata Bibi Moore imani yake ikayumba, akapunguza fedha alizokuwa akimpa.

Miaka zaidi ya 20, mahakama, maprofesa, magazeti, kitabu kizima, na suala lote lingekwisha kwa msumeno na dakika moja!

Ndugu msomaji, sisi tuliosoma madrasa tukifika hapa yatukumbusha jambo. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umaji. Akamuuliza mwenye mali, yule akasema ni mvua. Mtume (S.A.W.) akamfunza kwamba ile iliyolowa angeiweka juu ili watu waione, na akatoa onyo kali juu ya anayeghushi. Tazama alivyofanya. Hakuridhika na sura ya juu ya rundo, wala hakumuuliza muuzaji kwanza. Alitia mkono. Na muuzaji hakuwa na haki ya kusema ndani ya rundo langu ni siri ya biashara.

Masheikh wetu hutufunza pia habari ya gharar, yaani kuuza kitu ambacho haijulikani kama kipo au kitapatikana, na mifano ya vitabuni ni samaki aliye bado majini na ndege aliye bado angani. Hapa yataka tahadhari, maana wako wanaodhani kila biashara ya hisa ni haramu kwa vile ina hatari ndani yake. Sivyo. Mwaka 1992 Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah liliona kwamba kimsingi yafaa kushiriki katika kampuni ambayo shughuli zake ni za halali. Kupata na kukosa kumo katika kila biashara. Hisa za Safaricom ziliuzwa shilingi 5 mwaka 2008, na mwanzoni mwa 2009 zilikuwa chini ya shilingi 3. Walionunua waliumia, lakini milingoti ilikuwapo, simu zilikuwa zikilia, hesabu zilichapishwa, na aliyesubiri hakujuta. Hatari ya namna hiyo si gharar ya kisa chetu. Kwa Keely kilichofichwa ni bidhaa yenyewe, kama ipo au haipo.

Na lipo jambo la pili, najash, kumpandishia mtu bei kwa maneno ilhali hutaki kununua, nalo limekatazwa katika hadithi sahihi. Mimi naona wengi wa wale wenye hisa, bila kukusudia, waliangukia karibu na hapo. Mtu aliyeingiza pesa yake ana haja ya wewe nawe uingize yako. Akikusifia kampuni kwa sauti ya juu, ujue anajitia moyo mwenyewe kwanza. Usimkasirikie, lakini usimfanye ndiye ushahidi wako. Dada zetu hasa, ambao pesa za chama na za harusi hupitia mikononi mwao, huambiwa na jamaa wa karibu kabisa, mtu ambaye hamdhulumu kwa makusudi, na hiyo ndiyo sababu ni vigumu kukataa. Muulize tu: wewe umetia mkono kwenye rundo, au umeambiwa?

Keely alifariki tarehe 18 Novemba 1898, na siri, kama ilikuwapo, akaondoka nayo. Bibi Moore naye akafariki tarehe 5 Januari 1899. Mwanawe Clarence Moore, mtafiti wa mambo ya kale ambaye hakuwahi kumuamini Keely hata siku moja, akaikodi ile nyumba ya karakana, akaja na maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wahandisi na waandishi wa magazeti. Wakang'oa mbao za sakafu. Chini ya nyumba wakakuta tufe kubwa la chuma, uzito wake kama tani 3, la kuwekea hewa iliyoshindiliwa. Ndani ya kuta na chini ya sakafu kulipita mirija myembamba ya shaba. Kulikuwa na milango ya siri, na vali za kubonyezwa kwa mguu aliposimama mpiga muziki wetu. Februari 1899 Scientific American likachapisha habari za lile tufe. Yale yale waliyoyaandika mwaka 1884.

Wenye hisa je? Walibishana tena! Watetezi wake walisema lile tufe ni chombo cha majaribio ya zamani tu, kilichotupwa, wala hakihusiani na mitambo ya mwisho. Mitambo yenyewe ilichukuliwa na mvumbuzi mmoja wa Boston aliyetumainiwa kuiwasha, haikuwaka. Na hadi leo wapo watu, sio wengi, wanaochapisha michoro ya Keely na kusema kwamba alikuwa mbele ya wakati wake, na kwamba ile mirija ilikuwa na kazi nyingine.